Mwaka wa Lori Lisilokojoa

Tulimzika Melubo mwezi uliopita, chini ya migomba yake kule Engutoto. Walikuja watu arobaini na mmoja. Niliwahesabu wakati wa sala, nikawahesabu tena wakati wa kutupia udongo, na mara ya pili walikuwa thelathini na tisa, maana wawili walikwisha kuona mvua inashuka kutoka Meru. Mchungaji alikuwa kijana. Alisema marehemu alikuwa fundi hodari wa vyuma, na wazee watatu waliokaa nyuma wakatazamana, kwa sababu katika ujana wetu hakuna aliyemwita Melubo fundi. Tulimwita olkunoni, mfua chuma, na neno hilo tulilisema kwa sauti ileile ya kumtaja mwenye ukoma. Baada ya maziko, mjukuu wake mmoja, mwalimu wa shule, alinijia na mwavuli. "Shikamoo, babu. Samahani, wewe kwetu ni wa upande gani?" Nikamwambia mimi si wa upande wowote wa kwao. Akauliza kwa adabu ya kimwalimu, basi tulijuana wapi na babu yake hata nikakaa mbele pamoja na wanawe. Jibu lilikuwa refu na lilikuwa na injini ndani yake, na mwavuli ulikuwa mdogo. Nikamwahidi nitaliandika.

Mwaka ninaousema, Wajerumani walikuwa bado bomani, na reli ilikuwa imefika Moshi ikakomea hapo kama mtu aliyesahau alichofuata. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, au ishirini na moja. Hiyo ndiyo hesabu pekee maishani mwangu isiyokubali kurudiwa. Kila kilichotoka Arusha kwenda stesheni ya Moshi kilikwenda kwa magari ya ng'ombe ya Makaburu au juu ya vichwa vya watu. Kisha Mgiriki mmoja, Bwana Kosta, akanunua lori. Halikuwa jipya hata kwa mtu asiyejua magari. Lilitoka shamba moja la mkonge upande wa Tanga, ambako walilichoka, na magurudumu yake yalikuwa ya mpira mgumu usio na upepo, hivyo kila jiwe la barabarani lilijitambulisha kwako kwa jina. Lilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifungwa kwa kamba. Bwana Kosta aliendesha mwenyewe. Fundi Mabruki, Mswahili wa Tanga aliyefanya kazi miaka sita kwenye karakana za reli, aliangalia injini. Mimi nilikuwa mtu wa maji. Kazi yangu ilikuwa kubeba madebe, kuyajaza kila mtoni na kuinywesha rejeta, na kwenye mbuga kavu iliyo kati ya mto Usa na Kikafu, kulinda madebe sita ya akiba yaliyofungwa nyuma. Niliomba mshahara wa rupia kumi na mbili, akataja saba, tukakutana kwenye tisa. Nilijiona mjanja wiki nzima, mpaka Mabruki aliponiambia kwamba mzungu alikuwa ametenga kumi.

Tulilala chumba kimoja mimi na Mabruki, pale ambapo leo ni Kaloleni, nyuma ya duka la Mhindi. Chumba kilinuka samli upande mmoja na petroli upande wa pili, na harufu hizo mbili zilikutana juu ya kitanda changu. Ukuta ulikuwa wa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Nyuma ya ukuta kulikuwa na ukumbi ambako Bwana Kosta alicheza karata kila jioni na Kaburu mmoja mwenye magari ya ng'ombe. Hawa wawili hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kila mmoja alikuwa na chake, basi sisi tuliokuwa tukila upande wa pili tulisikia biashara yote ya barabara ya Moshi. Tulikula loshoro nilizoleta kutoka nyumbani, mahindi katika maziwa yaliyoganda, na Mabruki alikula huku akiwasimulia wali wa nazi marafiki wasiokuwepo. Kaburu alipenda kurudia jambo moja. "Ngombe yangu kumi na sita," alisema, "hapana moja iko na skrubu." Bwana Kosta aligawa karata. Nadhani alikuwa anahesabu safari.

Mimi nilihesabu maji. Nilikuwa na mifuko miwili ya ngozi kiunoni. Kila debe nililomimina, kokoto moja ilihama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, na jioni nilizirudisha moja moja ili nijue kama hazikudanganya. Safari ya kwanza, kutoka Arusha mpaka Moshi, lori lilikunywa madebe kumi na moja. Safari ya pili kumi na manne. Mzigo ulikuwa uleule, jua lilelile. Nilimwambia Mabruki. Akasema injini ni kama mume mgeni, wiki za kwanza hula kidogo. Safari ya tatu madebe sita ya akiba yaliisha katikati ya mbuga, kabla hata hatujauona mstari wa miti ya Kikafu, na lori likasimama likivuma mvuke, limejaa kahawa ya watu. Tulikaa chini ya ubavu wake nusu siku nzima, mpaka magari ya Kaburu yalipotokea, taratibu, ng'ombe kumi na sita wasio na skrubu, yakatuvuta. Kaburu hakusema neno mpaka Moshi. Hakuhitaji.

Bwana Kosta aliniita mbele ya stesheni, watu wakitazama. Alikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa mimi. Katika safari ya kwanza, pale mbugani, niliwapa wanawake wa Kimasai nusu debe la maji wakanipa kibuyu cha maziwa. Nilikiri nusu debe. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mtu anayekiri nusu ataaminiwa juu ya mengine yote. "Wewe uza maji yangu," alisema. "Mimi subiri safari moja tu. Mwezi kesho, kahawa ya pili. Maji kwisha njiani, wewe kwenda boma. Mwizi." Kwenda bomani kama mwizi kulikuwa na maana moja: viboko ishirini na tano, tulivyoviita hamsa-ishirini, mbele ya wapita njia, na kisha hakuna mtu Arusha nzima angekupa kulinda hata kuku. Nikamuuliza kama vingekuwa kumi na tano kwa kuwa nilikiri. Hakucheka. Na mimi sikuwa natania kama nilivyojifanya.

Basi nilikuwa na wiki tatu za kutafuta mahali maji yanapokwenda. Nikisema ukweli, baada ya siku mbili nilikuwa nimesahau nusu ya hofu, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa tamu. Maji yanaingia, nimeyamimina mimi. Chini ya lori hakuna tone. Mabruki alichukua shuka lake jeupe, akalitandika uvunguni, tukaiacha injini ikinguruma tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Shuka likatoka na vumbi na doa moja la oili, na doa hilo aliniapisha nisimwambie mkewe wa Tanga. Akafungua kizibo cha chini, akaimwaga oili yote kwenye karai. "Maji yakiingia kwenye oili," alinieleza, "inageuka rangi ya chai ya maziwa." Oili ilikuwa nyeusi kama dhambi ya mtu mzima. Akaugonga mdomo wa rejeta, akavuta mipira yote, akanusa. Hakuna. Siku ya soko nilikuwa nikiwaeleza wauza ndizi mambo haya, maana walikwisha kusikia juu ya hamsa-ishirini wakaanza kunipunguzia bei kama mtu anayekwenda kufa, ndipo mama mmoja wa Kimeru akasema, bila kuacha kupanga mikungu yake: "Sasa wewe. Kitu kinakunywa kuliko ng'ombe, na hakikojoi. Hicho kinatoka jasho." Wote wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani bila ndizi.

Jasho. Kwetu, juu kule mlimani, watu wanaishi kwa mifereji. Mfereji unatolewa mtoni, unapitishwa shamba kwa shamba, na kila mtu ana zamu yake, na maji yakipungua kabla ya kukufikia, jirani ndiye mwizi wa kwanza kutajwa. Lakini wazee wa mfereji hawaendi kwa jirani kwanza. Wanajua kwamba fuko akichimba ukingoni, maji huzama ardhini bila kulowesha chochote, huenda yakatokea mbali, kwenye chemchemi ya mtu mwingine anayemshukuru Mungu. Basi huchukua udongo mwekundu, huumimina kwenye mfereji mahali wanapopashuku, kisha hushuka bondeni kutazama chemchemi ipi imebadilika rangi. Hawatafuti penye maji. Wanayatia maji alama, wanangoja yajitaje. Nilimweleza Mabruki jambo hili tukiwa tunakula, naye akaacha tonge hewani. "Udongo utaziba rejeta," alisema. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimefikiria magadi.

Magadi tulikuwa nayo kila nyumba, yanayoletwa kutoka ziwani upande wa Umasaini. Watu hupikia maharage na huyachanganya na tumbaku. Yakiyeyuka hayaonekani, yakikauka huacha weupe. Tuliyeyusha mafungu mawili, tukajaza rejeta. Bwana Kosta aliuliza tunafanya nini, Mabruki akamjibu kwa kirefu mpaka akaondoka. Tukaenda mpaka mto Usa, tukarudi, injini ikiwa imechoka vizuri. Ilipopoa, Mabruki akafungua plagi, zile za kuwasha moto juu ya kila silinda, akazipanga kwenye gunia kwa mpangilio wake. Zilikuwa nne. Ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya nne nyeusi. Ya tatu ilikuwa nyeupe kama meno, na ukigusa ulimi ilikuwa chungu kwa magadi. Sote wawili tuliigusa ulimi. Sijawahi, kabla wala baada, kufurahi hivyo kwa kulamba chuma. Maji yalikuwa yanapita ndani ya moto. Yanaingia silinda ya tatu, yanageuka mvuke, yanatoka kwa bomba la moshi mchana kweupe mbele ya macho yetu, na sisi tulikuwa tunatandika shuka chini.

Ilimchukua Mabruki siku mbili kufungua. Juu ya silinda za lile lori kulikuwa na kifuniko cha chuma kilichoshikwa na boliti kumi na nne. Nilizipokea, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Chini ya kifuniko ndipo maji yalipozunguka, na chini ya maji ndiyo dari ya silinda. Alisugua kutu kwa tambara, akapaka masizi, akafuta, na masizi yakabaki kwenye mstari mmoja mwembamba kama unywele, urefu wa kidole cha shahada. "Ufa," alisema. "Na tazama kingo zake, zimekula kutu ndani. Ufa huu ni mzee kuliko ajira yako." Nikamwita Bwana Kosta aje aone. Aliinama, akatazama, akanitazama mimi. "Ufa mimi ona," alisema. "Lakini ufa leo, mwizi jana, inaweza kuwa yote mbili. Tengeneza. Maji fika Moshi, wewe mtu mzuri. Maji kwisha, boma." Huyu naye, nilijiambia, anahesabu mara mbili.

Namna ya kuziba ufa kama ule Mabruki aliijua kutoka reli. Unatoboa tundu mwanzo wa ufa, unalikata uzi wa kushikia skrubu, unakaza skrubu ya shaba nyekundu, unaikata kichwa. Kisha unatoboa tundu la pili, likila kidogo ubavu wa ile ya kwanza, unakaza nyingine, na nyingine, mpaka ufa wote umegeuka mnyororo wa shaba. Mwisho unazigonga, unapaka uji wa unga wa chuma uliochanganywa na chumvi nyeupe ya mafundi wa bati, unauacha siku mbili ushike kutu, na kutu ile hufunga kuliko gundi. Alikuwa na keekee ya kutobolea na kifaa cha kukatia uzi. Shaba hakuwa nayo. Waliojua kuinyoosha shaba ikawa sawa toka ncha hadi ncha, Arusha yote, walikuwa ni ukoo wa Melubo. Mabruki alikwenda mwenyewe mara ya kwanza, akamwachia kifaa cha uzi, wakaelewana kwa Kiswahili cha Melubo, ambacho kilikuwa kifupi na hakikupotea njia. Mimi nilitumwa siku ya tatu kuzichukua.

Inanibidi kueleza jambo ambalo wajukuu hawalijui na wazee wanajifanya wamelisahau. Kwetu, mkuki ulitoka kwa mfua chuma, na panga, na kengele ya ng'ombe, lakini mkono wa mfua chuma haukushikwa. Ulikuwa na kitu ndani yake. Kila kilichotoka mkononi mwake kilipakwa mafuta kabla hakijaingia mkononi mwako, ili kile kitu kibaki kwake. Hatukuona kuwa ni tusi. Ilikuwa kama kunawa. Nilimkuta Melubo amekaa kwenye kiwanda chake, mtu mfupi wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, mvukuto wa ngozi ya mbuzi miguuni. "Supai," nikamsalimu. "Epa," akajibu, na hakunyoosha mkono, maana alikwisha kuzoea. Aliweka kifurushi cha jani kavu la mgomba juu ya jiwe kati yetu, kama ilivyo desturi, akarudi nyuma hatua moja. "Kumi na moja," alisema. "Nimezichemsha kwenye maji ya majivu. Mpelekee fundi hivyohivyo zilivyo." Nilisikia. Nilipofika kijito cha kwanza nikakaa, nikatoa pembe ndogo ya mafuta ya kondoo, nikafungua kifurushi, nikazipaka zote kumi na moja, kidogo tu, kama mama alivyonifunza. Nilizihesabu pia.

Mabruki alisifu kazi ile. "Zinaingia laini," alisema akikaza, "mzee huyu ana mkono." Kule gizani ndani ya banda la lori, akiwa ameinamia tundu, hakuona kitu. Akapaka uji wa chuma, tukangoja siku mbili, tukafunga, tukajaza maji. Tukaenda Usa. Kufika Tengeru moshi ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Kufika Usa madebe mawili yalikuwa yamekwenda. Tulipofika Arusha Bwana Kosta akafungua kifuniko pamoja na Mabruki, na Mabruki akashika kisiki cha skrubu ya kwanza kwa vidole vyake viwili, bila koleo, akaizungusha ikatoka. Akainusa. Akanipa mimi niinuse, kama mtu anavyompa rafiki. Ilinuka nyumbani.

"Yule mfua chuma amepaka mafuta," Mabruki alisema polepole. "Nilimwambia, zisiguswe hata na jasho. Mafuta yameyeyuka kwa moto, yakaacha njia, na kutu haikushika popote." Bwana Kosta akatuma askari amlete. Nami hapo nikaona kwamba nimeokoka. Sikuwa nimesema uongo wowote. Mwizi alikuwa amepatikana bila mimi kumtafuta, mwizi mzuri, asiye na mtu wa kumtetea, na kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu, bidhaa isiyo na gharama. Nilikuwa na saa moja ya kuitazama bei hiyo kabla ya askari kurudi na Melubo, na naona haya kusema kwamba saa nzima niliitazama.

Walimsimamisha mlangoni mwa banda. "Mzee," Mabruki alianza kwa upole, "nilikwambia nini juu ya mafuta?"

"Zisiguswe."

"Na hii?"

Melubo hakuipokea. Aliitazama kiganjani mwa Mabruki. "Hiyo imepakwa."

"Nani kapaka?"

"Kwangu zilitoka kavu," alisema Melubo, na hakunitazama. Nilingoja anitazame. Ingekuwa rahisi zaidi. Askari alianza kufungua kamba aliyokuja nayo.

"Ni mimi," nikasema.

Bwana Kosta aligeuka. "Wewe? Wewe paka mafuta? Kwa nini?"

Maisha yangu yote nimeuza na kununua, na sijawahi kukosa mahali pa kuanzia bei. Hapo nilikosa. "Ni desturi, Bwana. Kitu kikitoka kwa hawa watu, lazima kipakwe."

"Watu gani?"

"Wafua chuma."

"Kwa nini? Mkono yake chafu?"

"Si uchafu wa kunawa, Bwana."

"Basi uchafu gani?"

Alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua, kama mimi nilivyotaka kujua habari ya maji. Nikafungua mdomo nimjibu, Melubo akiwa hatua tatu mbele yangu, mikono yake ikining'inia, na nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa nimepaka mafuta tangu utotoni na sikuwahi kuuliza yanazuia nini. Ni Melubo aliyejibu. "Wote hupaka, Bwana," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia. "Mkuki hupakwa. Jembe hupakwa. Nimezoea. Sikudhani huyu atapaka na injini."

Bwana Kosta alicheka mpaka akakaa juu ya gurudumu. Mabruki hakucheka, alikuwa anatutazama sisi wawili kama alivyoitazama ile plagi nyeupe. Askari akauliza sasa amchukue nani. "Hapana leo," alisema Bwana Kosta akifuta macho. "Wote mbili tengeneza. Wote mbili panda lori. Maji kwisha njiani, wote mbili boma ya Moshi. Hamsa-ishirini, na ishirini na tano tena." Nikamkokotolea kimoyomoyo, jumla ilikuwa hamsini, na nusu yake haikuwa haki ya Melubo kabisa.

Melubo alichonga skrubu nyingine palepale bandani. Tulichemsha maji ya majivu kwenye sufuria ya Mabruki, ambayo nayo haikupata kupika wali tena. Wakati wa kukaza, Melubo alikuwa juu ya injini na mimi chini yake, na kila alipomaliza moja kwa tupa alishusha mkono bila kutazama, nami nilipaswa kuishika kavu na kumpa Mabruki. Ya kwanza niliipokea kwa ncha za vidole. Ilikuwa ya moto kidogo kwa tupa. Nilingoja mkono uwashe, au upooze, au chochote kile nilichokuwa nakizuia miaka yote, lakini ulinuka shaba tu. Ya tano niliipokea kwa kiganja. Saa ya kula Melubo alikwenda kukaa peke yake nje ya mlango, kwa mazoea, na Mabruki, ambaye Tanga kwao hakuna habari hizi, akabeba bakuli la loshoro akamfuata, akakaa kando yake, akachota. "Njoo wewe, mbona umesimama?" aliniita. "Au nawe unasubiri nazi?" Nikaenda. Bakuli lilikuwa moja. Melubo alinisogezea upande ambao hakuwa ameugusa, nami nikachota upande wake. Alikula haraka sana, kama mtu anayedhani wenzake watabadili nia.

Siku ya safari tuliondoka alfajiri na magunia hamsini ya kahawa. Melubo alikaa juu ya mzigo, ameshika kamba kwa mikono yote miwili, maana alikuwa hajawahi kwenda mbio kuliko miguu yake. Tengeru nilifungua rejeta: imejaa. Usa: imejaa. Maji ya Chai niliongeza kibaba kimoja, kwa heshima tu ya mto. Kisha mbuga ikafunguka mbele yetu, kavu na nyeupe, na madebe sita nyuma. Nilikuwa nageuka kutazama bomba la moshi. Moshi ulikuwa wa buluu, mwembamba, moshi wa gari lisilo na siri. Tulipita mahali tuliposimama mara ile. Nilipatambua kwa alama za kwato. Tulivuka Kikafu na madebe yote sita yakiwa yamefungwa bado. Stesheni ya Moshi, Bwana Kosta akashuka, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akangoja mvuke upite, akachovya kidole. Akakitazama kidole. "Pakua mzigo," akasema. Hilo ndilo neno la msamaha nililopata, na nilikwisha kujifunza kutomwomba nyongeza.

Tulipomaliza kupakua, mimi na Mabruki tulikaa kwenye mizani ya stesheni kula ndizi za kuchoma, tukimngoja Melubo, aliyesema anakwenda kuliona garimoshi. Alikwenda polepole kando ya reli. Mpagazi mmoja wa Kichaga akampa mkono, kama mtu anavyompa mgeni, na Melubo akasimama, akautazama ule mkono, akaupokea. Alichelewa kuuachia. Kisha akaenda kwa mwingine, mzee aliyekaa juu ya gunia, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha. Akamsalimu mpiga kengele. Akawasalimu wanawake wauza pombe ya mbege, mmoja mmoja, mstari mzima. Akamsalimu Mhindi wa tiketi kupitia kidirisha, ikabidi Mhindi aweke kalamu chini. Hapakuwa na mtu pale Moshi aliyemjua, na hapakuwa na aliyetafuta mafuta. Mabruki alikuwa akimfuata kwa macho, ndizi mkononi, mpaka Melubo alipofika mwisho wa stesheni, akageuka, akaanza kurudi kwa upande wa pili ambao hakuwa ameusalimu.

"Huyu mzee," Mabruki aliuliza, "ana ndugu wangapi hapa?"

Nikamwambia hana hata mmoja.